Darasa la jioni la Kiingereza Dodoma: somo la "the"
Kituo hiki kidogo, kilicho jirani na Nyerere Square, kinastahili sifa hasa kwa namna kinavyofundisha kibainishi "the", ambacho huwasumbua wengi wetu kwa kuwa Kiswahili hakina neno la kazi hiyo. Mwalimu huanza na ramani ya Tanzania, akionyesha kwamba "Lake Victoria" na "Mount Kilimanjaro" hazitanguliwi na "the", ilhali "the Indian Ocean" na "the Usambara Mountains" huihitaji, kwa sababu bahari na safu za milima zina kanuni tofauti na ziwa moja au mlima mmoja. Ndipo huingia kwenye msingi wenyewe: kitu kinachotajwa mara ya kwanza hupewa "a", na msikilizaji akishakijua, hupewa "the".

Vijitabu havifikii kiwango cha mwalimu. Vimechapwa hafifu, tena vinadai kwamba majina ya nchi hayatumii "the" kamwe, wakati Marekani huitwa "the United States". Matamshi nayo hupitiwa haraka, ingawa sauti hubadilika mbele ya irabu. Kwa mtumishi wa umma anayeandika barua za Kiingereza, ada inalipika. Anayejiandaa kwa mtihani atafute kitabu kingine cha sarufi.