Kando ya barabara: miti au ua wa vichaka?

Kwa kuzuia moshi, ua una nguvu zaidi: majani yake yako karibu na usawa wa bomba la gari, na yale yenye vinyweleo hunasa vumbi vizuri. Miti mikubwa kwenye barabara nyembamba yenye majengo marefu pande zote inaweza hata kufungia hewa chafu chini ya matawi. Lakini kivuli ni cha mti.

Kwa uvumilivu, vyote huteseka. Vumbi huziba vitundu vya majani. Magari yakiegeshwa juu ya mizizi, udongo hushindiliwa na maji hayapenyi. Ua hutaka kupogolewa mara kwa mara.

Barabara ikiwa pana, panda miti. Ikiwa nyembamba na watoto hupita hapo, ningeweka ua.