Choo cha paka kwenye fleti: weka pesa kwenye mchanga, si kwenye sanduku

Kwa anayetaka jibu la haraka: nunua sanduku kubwa la plastiki la kuhifadhia nguo, likate mlango upande mmoja, kisha pesa iliyobaki nunulia mchanga wa paka unaogandana, usio na manukato. Nimetumia vyoo vya aina kadhaa na karibu kila kitu kinachopatikana Dar es Salaam cha kumwaga ndani yake, na hapo ndipo nilipofikia. Mwenye nafasi aendelee kusoma, kwa sababu bila maelezo ushauri huu unaweza kukupotezea pesa.

Naishi ghorofa ya tatu, Upanga, na paka wawili. Zabibu ni jike, mwembamba na mwoga. Karafuu ni dume aliyehasiwa, mkubwa, mwenye kujiona ndiye mwenye nyumba. Hawatoki nje, kwa hiyo haja zao zote, ndogo na kubwa, zinaishia ndani mwangu. Joto la Dar halina huruma kwenye jambo hili. Mkojo wa paka una yurea nyingi, bakteria wakiipata kwenye joto na unyevunyevu wanaigeuza amonia upesi, na ukifungua mlango jioni inakuchoma pua kabla hujavua viatu.

Kwetu kuna jambo jingine pia. Mama akija kutoka Tanga huswali sebuleni. Paka mwenyewe hana neno, hadithi ya Abu Qatada inajulikana, kwamba Mtume (s.a.w.) alisema paka si najisi, ni katika wale wanaotuzungukia majumbani. Ila mkojo na kinyesi chake ni najisi, na mchanga wa chooni unasafiri kwenye nyayo. "Mwanangu, na paka wako sina ugomvi," aliniambia, "lakini huo mchanga wao usinifikie kwenye mswala." Kwa hiyo ninapopima choo cha paka naangalia harufu, naangalia mchanga unafika wapi, na zaidi ya yote naangalia kama paka wenyewe wanakikubali.

Tuanze na sanduku. Cha kwanza kutumia kilikuwa cha kufunikwa, chenye paa, mlango wa kubembea na kipande cha mkaa juu cha kunyonya harufu. Aliniachia wifi yangu alipohamia Dodoma. Kwa mgeni anayeingia sebuleni kinapendeza, hajui hata kama ni choo. Kwa paka ni mateso. Karafuu akiingia hawezi kugeuka bila kugusa kuta zote mbili, basi alikuwa anaacha kichwa na miguu ya mbele nje, anamaliza haja mlangoni, na mkojo unapenya pale paa linapokutana na beseni hadi sakafuni. Harufu ambayo paa linatukinga nayo sisi inabaki humo ndani kwa ajili yao, na pua ya paka ni kali kuliko yetu kwa mbali. Tena aliye ndani haoni nani anakuja. Karafuu alijua hilo. Alikuwa anamvizia Zabibu nje ya mlango, akitoka tu anamrukia. Haikuchukua muda Zabibu akahamia nyuma ya kochi.

Wengi wakifika hapo humchapa paka, au humsugua pua kwenye mkojo wake. Nawaomba sana, msifanye hivyo. Paka hakojoi nyuma ya kochi kwa kukukomoa. Ama anaumwa, ama choo kimemshinda. Ukimchapa anachojifunza ni kukuogopa wewe, na atatafuta kona iliyojificha zaidi.

Kipimo wanachotoa madaktari wa mifugo ni kwamba choo kiwe na urefu wa walau mara moja na nusu ya paka, kutoka puani hadi shina la mkia. Karafuu ana kama sentimita 50, hivyo anahitaji karibu 75. Vyoo vingi vya madukani vinaandikwa "kikubwa" na havifiki hapo. Sanduku la nguo linafika, na bei yake ni ndogo kuliko choo chenye paa. Fundi alinikatia mlango kwa kisu kilichopashwa moto, kizingiti akakiacha kama sentimita 12 kutoka chini, nami nikasugua ukingo kwa msasa usije ukawakwaruza. Kuta nyingine tatu zimebaki ndefu, na hilo ni muhimu kwa paka kama Karafuu ambaye huanza amechuchumaa na kumaliza amesimama. Kama una paka mzee mwenye maumivu ya viungo, kizingiti kishuke zaidi. Kwa mtoto wa paka, beseni la kufulia lisilo na kina linatosha hadi akue.

Sasa mchanga, maana huko ndiko pesa inakotakiwa kwenda.

Mchanga wa ujenzi ni rahisi kupata na paka wanaupenda, kwa sababu ni laini kuchimba. Paka wa nyumbani ametokana na paka wa mwitu wa Afrika, ambaye mpaka leo yupo kwenye mbuga zetu, Serengeti ikiwemo, naye hufukia kinyesi chake kwenye udongo. Tatizo ni kwamba mchanga huu haushiki mkojo. Unashuka wote hadi chini na kutuama pale, juu panaonekana pakavu na chini kuna tope linalonuka. Kumwaga ni kumwaga wote, na kushusha ndoo ya mchanga uliolowa kutoka ghorofa ya tatu si kazi ya kila siku.

Maranda ya mbao, haya wanayotandika kwenye mabanda ya kuku, ni nafuu kuliko vyote. Kwa harufu ya mkojo si mabaya ukibadilisha kila siku. Lakini ni mepesi mno, yananasa kwenye manyoya ya Zabibu, na nilikuwa nayakuta mpaka kitandani. Vumbi laini la mbao linashika mkojo vizuri zaidi, ila linawapigisha chafya paka na binadamu.

Chembe nyeupe za silika zinanyonya mkojo na kuzima harufu vizuri kabisa, sina neno juu ya hilo. Ila zina ncha. Karafuu aliweka mguu mmoja, akautikisa, akaondoka. Sikulazimisha.

Biashara ya mchanga wa paka ilianza na udongo wa mfinyanzi. Mwaka 1947 huko Michigan, Marekani, Edward Lowe alikuwa anauza udongo wa kunyonya mafuta yaliyomwagika sakafuni. Jirani akamwomba mchanga wa paka wake, yeye akampa ule udongo, na paka wakaukubali. Udongo huo ulinyonya tu. Wa kugandana ulikuja baadaye, nao ni bentonaiti, udongo ambao ukigusa majimaji huvimba na kushikamana. Huu ndio ninaotumia.

Namwaga kina cha kama sentimita 7. Hapo pana siri kubwa ambayo mfuko hausemi vizuri: ukimwaga kidogo ili kubana matumizi, mkojo unafika chini kabla haujaganda, unashika plastiki, na unabaki unakwangua kama unakwangua ukoko. Kikiwa na kina cha kutosha, mkojo unaishia katikati. Mwanzoni doa ni jeusi na laini. Ukilichota papo hapo linavunjika, vipande vidogo vinapotelea kwenye mchanga safi na ndivyo vinavyonuka kesho. Subiri kama nusu saa. Likishakauka linatoka zima kwenye kijiko cha matundu, mchanga safi unachuruzika chini, na unakuwa umeondoa mkojo wote bila kugusa mchanga mwingine. Kwa hiyo mfuko mmoja unadumu kuliko unavyotarajia ukiona bei yake, kwani unaongezea tu kile kilichotoka.

Chagua usio na manukato. Ule wa lavenda ulimfanya Zabibu asimame kizingitini akinusa na kurudi nyuma. Manukato yametiwa kwa ajili yetu sisi wanunuzi. Na msimu wa masika usiache mfuko wazi. Hewa ya hapa ina maji mengi, mchanga unaanza kushikana mabonge kabla paka hajaugusa. Wangu unakaa kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko. Jambo moja la tahadhari: watoto wa paka ambao hawajafikisha miezi mitatu au minne wasipewe mchanga huu, kwa sababu wana tabia ya kuulamba na kuula, nao unavimba tumboni. Hao wape maranda au karatasi zilizochanwa.

Sababu inayonifanya niushikilie mchanga huu zaidi ni hii. Mabonge yanakusomea afya ya paka. Nilishazoea mabonge ya Karafuu, makubwa na yake yanajulikana. Siku moja asubuhi sikuyakuta. Mchana nikamwona anaingia chooni, anachuchumaa, anakaa, anatoka, anarudi tena, na kwenye mchanga kuna vidoa vidogo kama punje. Jioni ileile alikuwa mezani kwa daktari. Njia ya mkojo ilikuwa imeziba. Dume njia yake ni nyembamba sana, na ikiziba sumu inarudi kwenye damu. Paka anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Aliwekwa mpira wa mkojo, akalazwa, akapona. Daktari alisisitiza maji mengi na chakula chenye majimaji badala ya kile kikavu peke yake. Kwenye maranda au mchanga wa ujenzi nisingejua mapema vile. Ukiwa na paka dume anayekaza bila kutoa mkojo, usingoje kesho.

Kuhusu mahali pa kuweka: kanuni ni idadi ya paka na kimoja cha ziada, kwa hiyo mimi ninavyo vitatu. Vikipangwa pamoja ukutani, paka anavihesabu kama kimoja, na Karafuu akikaa mbele yake amevifunga vyote. Vyangu viko sehemu tofauti, na kila kimoja paka ana njia mbili za kuondokea. Usiweke karibu na bakuli la chakula, wala pembeni ya mashine ya kufulia, kwa sababu ikianza kuzunguka akiwa chooni hatarudi tena.

Bafuni hapafai, ingawa ushauri mwingi unaosomwa unasema paweke. Bafu zetu ni za kujimwagia maji na sakafu hailali kavu. Bentonaiti ikitoka kwenye nyayo za paka ikakutana na maji ya sakafuni inakuwa utelezi wa kijivu unaong'ang'ania vigae, na tundu la maji linaanza kuziba. Kimoja nimekiweka stoo, mlango umezuiwa usijifunge na upepo. Cha pili kiko mwisho wa korido, cha tatu roshani upande usiofikiwa na mvua. Mbele ya kila mlango kuna kile kizulia kigumu cha makumbi ya nazi cha kufutia miguu. Chembe zinazama kati ya nyuzi, asubuhi nakikung'uta. Tangu hapo mswala wa mama haujaguswa na kitu.

Usafi: nachota asubuhi na jioni, bila kukosa. Wifi alipokuja akiwa mjamzito watu walimtisha na paka. Ukweli ni kwamba mayai ya toksoplasma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, yanayotoka kwenye kinyesi cha paka yanahitaji walau siku nzima kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kuchota kila siku ni kinga kubwa, na mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Nyama isiyoiva vizuri nayo inaambukiza, na hiyo watu wanaisahau.

Sanduku lenyewe naliosha ninapobadilisha mchanga wote, kwa maji ya moto na sabuni ya kawaida, kisha linaanikwa juani. Usitumie dawa ya klorini, kwa sababu ikikutana na amonia ya mkojo inatoa gesi inayoumiza mapafu. Na zile dawa za kuua vijidudu ambazo ukizitia majini yanakuwa meupe kama maziwa, nyingi zina fenoli, kemikali ambayo ini la paka haliwezi kuivunja vizuri. Anakanyaga, analamba nyayo, anaugua. Plastiki ikishajaa mikwaruzo ya kucha harufu haitoki tena hata ukisugua vipi. Hapo nunua sanduku jingine.

Mabonge usiyamwage kwenye choo cha kuvuta, hata mfuko ukiandika kwamba inawezekana. Ni udongo unaovimba, na bomba la jengo ni la wote. Mimi nafunga kwenye mfuko, naufunga tena kwenye mwingine, unangoja gari la taka.

Kwa mwenye nyumba ya chini yenye uwanja na paka wanaotoka, gharama hii yote haina ulazima. Kona ya udongo uliolimwa, yenye kivuli, na beseni la maranda ndani kwa ajili ya usiku vinatosha, mradi kona hiyo isiwe tuta la mchicha wala mahali watoto wanapochezea.