Mashine ya diski moja ya kusugua sakafu: uzoefu wangu Goma

Monobrosi, ndivyo watu wa usafi hapa Goma wanavyoiita, ndiyo ninayoitegemea kwa sakafu za ofisi, hoteli na korido ndefu. Ninayotumia ina diski ya sm 43, mota ya wati 1,500, mizunguko kama 155 kwa dakika na uzito wa kilo 40 hivi. Kwa kung'oa uchafu sugu naipa alama zote. Kwa usalama wa sakafu naipa nusu, maana mji huu una vumbi, umeme na maji ambavyo aliyeandika kijitabu cha maelekezo hakuviwaza.

Vumbi ndilo linalokula pesa nyingi zaidi. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji na watu wakajenga upya juu yake. Viwanja vingi vimemwagiwa mawe ya makoro, yaani mawe ya lava, yaliyopondwa, na chembe zake huingia ndani na viatu. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, marumaru iko 3, wakati madini mengi ya lava yako kati ya 5 na 6. Chembe moja ikikaa chini ya padi, ile sponji ngumu ya duara inayosugua, iliyobeba uzito wa mashine, inachora duara baada ya duara. Usiku, chini ya taa za dari, mikwaruzo hiyo huioni. Asubuhi jua likiingia kwa pembeni, mwenye jengo anaiona yote. Granito ndiyo inaumia kwanza, kwa kuwa ni vipande vya marumaru ndani ya saruji. Vigae vinavyong'aa vinafuata. Mikwaruzo hiyo haitoki kwa sabuni wala kwa nta. Inabidi sakafu isagwe upya kwa diski za almasi, na bei ya kazi hiyo haifanani hata kidogo na bei ya usafi.

Kwa hiyo kabla tone la maji halijagusa sakafu, nafagia kavu, halafu napitisha mopu pana ya vumbi au mashine ya kunyonya, hasa pembeni na kwenye mistari ya saruji kati ya vigae. Kitambaa cheupe chenye unyevu kikipitishwa sakafuni kikarudi na chembe nyeusi, narudia. Anayemwaga maji kwanza ili kutuliza vumbi anazinatisha chembe kwenye padi, na padi inakuwa msasa. Mlangoni nataka mazulia mawili, la brosi nje na la kitambaa ndani, yote pamoja yasipungue mita 3, ili kila mguu uyakanyage zaidi ya mara moja. Mteja akikataa kununua zulia, naandika kwenye mkataba kwamba mikwaruzo ya mchanga si juu yangu.

Padi nazo zina rangi kwa sababu. Nyeusi ni ya kuchuna nta ya zamani, kijani ni ya kusugua uchafu mzito, nyekundu ni ya kazi ya kila siku, nyeupe ni ya kung'arisha. Nyeusi kwenye vinili au kwenye kigae kinachong'aa ni hasara ya dakika chache tu. Padi iliyotumika naiosha kwa maji ya kasi pande zote mbili, kisha naitundika. Ikikauka na uchafu wake, chembe zinabaki ndani zikingoja sakafu ya mteja mwingine. Na mashine haihifadhiwi imesimama juu ya padi wala brosi. Nyuzi za nailoni zikilala upande mmoja, siku ya kazi mashine inarukaruka.

Umeme sasa. Mota ya aina hii ikianza huvuta mkondo mara kadhaa kuliko ikiwa inazunguka, na volti zikishuka, nguvu yake ya kuzungusha hushuka kwa mraba. Volti 180 badala ya 220 zinakuachia karibu theluthi mbili tu ya nguvu. Mashine inanguruma bila kuzunguka, mtu anaendelea kubana kishikio akidhani itaamka, na waya za ndani zinapikika. Ikinguruma hivyo, achia ndani ya sekunde mbili na upime volti. Volti zikiwa sawa na bado inanguruma, mara nyingi ni kapasita, kipuri cha bei ndogo kinachosaidia mota kuanza. Mota iliyoungua ni karibu bei ya mashine nyingine iliyotumika.

Ralonji, yaani waya wa kurefusha umeme, ndiyo mkosaji asiyeshukiwa. Kwa mita 25 na kuendelea nataka waya wa milimita za mraba 2.5, wenye waya wa ardhi, na uwe umefunguliwa wote kutoka kwenye kibiringo chake. Ule wa 1.5 ukiachwa umeviringishwa hupata moto hadi plastiki inaungana. Kwa wanaotumia grupu, yaani jenereta: Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Grupu iliyoandikwa kVA 5 (kVA ni kipimo cha nguvu ya umeme inayotoa) haitoi 5 hapa. Ile ya kVA 2 usiijaribu kabisa, hata kama muuzaji anaapa.

Kuiendesha si kazi ya misuli. Mpini ukae usawa wa kiuno. Kwa mashine nyingi ukiuinua kidogo inakwenda kulia, ukiushusha inakwenda kushoto. Anayepigana nayo hupelekwa kwenye mlango wa kioo. Mgeni aanzie katikati ya chumba kitupu, sakafu ikiwa na maji, maana padi kavu hushika ghafla. Waya upite begani, na kazi ianzie karibu na soketi ikielekea mbali, ili waya ubaki nyuma. Kubadilisha padi ni baada ya kuchomoa kwenye ukuta. Kuachia kishikio tu hakutoshi: mashine ikilazwa, kishikio kinaweza kubanwa na goti, na vidole viko kwenye diski.

Kwenye kuchuna nta, makosa ya ghali hutoka kwenye haraka. Dawa nachanganya kama chupa inavyosema, kwa kawaida sehemu 1 kwa 5 hadi 10 za maji, naimwaga kwenye eneo la mita za mraba 10 tu, naiacha dakika 5 hadi 10, na sikubali ikauke. Ikikauka inagandisha tena nta iliyokwisha kulainika. Mtu asikanyage hapo bila buti zenye soli ya kushika, na korido ifungwe ncha zote mbili. Kibao cha tahadhari upande mmoja hakimsaidii anayetokea upande wa pili. Maji machafu yanavutwa kwa rakleti, ule mpini wenye ukingo wa mpira, mara moja, halafu suuza mbili. Dawa hii ni alkali, na nta mpya ikipakwa juu ya mabaki yake hubadilika unga mweupe baada ya siku chache. Karatasi ya kupima pH, yaani kiwango cha asidi au alkali, inaondoa ubishi: sakafu isome kama maji ya kusuuzia, si zaidi.

Hapo ndipo maji yetu yanaleta mkanganyiko. Maji ya Ziwa Kivu yenyewe ni alkali, pH karibu 9, na yana bikaboneti na magnesi nyingi. Yakikauka yenyewe juu ya sakafu nyeusi yanaacha utando mweupe, mteja anasema hamkusafisha. Suuza ya mwisho naifanya kwa maji ya mvua kutoka kwenye tangi, na karatasi ya pH inakuwa na maana tena. Wengi huukimbilia utando huo na asidi ya choo. Kwenye granito na marumaru asidi hutoa povu, na lile povu ni jiwe lenyewe linaloliwa; mng'ao haurudi. Tena kama kuna Javel, dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, iliyobaki kwenye ndoo au kwenye mopu, asidi ikikutana nayo hutoa gesi ya klorini, na chumba kidogo bila dirisha kinatosha kumpeleka mtu hospitali.

Mashine hii siipendekezi kwa nyumba ndogo zilizojaa viti, wala kwa parketi, yaani sakafu ya mbao, ikiwa na maji. Pembeni haifiki, huko ni brosi ya mkono, na ukuta wa chokaa hupata matone.

Ukinunua iliyotumika, iwashe ikiwa chini, si hewani. Nusa mota baada ya dakika 10. Harufu ya vanishi iliyoungua inakutosha kuikataa. Diski ikiyumba, angalia kama ni padi haikuwekwa katikati au ni diski yenyewe imepinda. Mwisho, achia kishikio: mashine lazima izime yenyewe. Ukikuta mwenye awali amekifunga kwa mpira ili mkono usichoke, iache hapohapo.