Kausha damu na kangomba: mikopo ya Mtwara na Lindi tuliyoipigia hesabu

Mkopo wa kausha damu, yaani mkopo mdogo wa mtaani unaorejeshwa kila siku kwa riba kubwa, una sifa moja ya kweli: haraka. Unaacha nakala ya kitambulisho, barua ya mtaa na kadi ya pikipiki, na kabla ya adhuhuri fedha iko mkononi. Zaidi ya hapo hatuna la kuusifia, na hatumshauri mtu yeyote auchukue.

Tazama mfano huu. Mkopo 200,000, ada ya fomu 10,000 inakatwa papo hapo, rejesho 10,000 kila siku kwa siku 26. Umepokea 190,000, unarudisha 260,000. Utaambiwa riba ni asilimia 30. Kwa fedha uliyoishika ni karibu 37. Tena unaanza kulipa kesho yake, kwa hiyo kwa wastani unakaa na nusu tu ya hela. Gharama halisi inafika kama asilimia 70 kwa mwezi. Ukomo wa Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 7,000 kwa mkopo huo. Ukikosa siku moja faini inapanda juu ya deni, na wengi wanakwenda kukopa kwa mkopeshaji wa pili ili wamlipe wa kwanza. Hapo ndipo pikipiki inapoondoka.

Vijijini Newala, Tandahimba na Ruangwa kuna kangomba, yaani kuuza korosho kwa bei ya chini kabla ya mavuno, nayo hata jina la riba haina. Mkulima anapewa 300,000 wakati wa palizi, anaahidi kilo 200 za korosho. Mnadani kilo ikimwachia 3,000 baada ya makato, ametoa mali ya 600,000 kwa miezi minne. Biashara hiyo imepigwa marufuku, lakini hofu ya kukosa hela ya kupulizia dawa mikorosho bado inaipa wateja.

Ukishanasa, andika kila deni: ulichopokea, ulicholipa, kilichobaki, dhamana. Uliyemwachia kadi ya benki na namba ya siri, anza naye: nenda benki, funga kadi hiyo, omba mpya, kisha kaa naye mpange malipo. Usikimbie; ukizima simu faini inaendelea kupanda. Omba faini isimame, na umlipe kwa mkupuo malipo ya korosho kutoka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yakiingia. Madeni mengine yape kiwango cha chini, ziada yote iende kwenye lenye riba kubwa kuliko yote. Kila ukilipa dai risiti. Daftari la wakala peke yake halikulindi. Mkopo wa SACCOS au VICOBA wa kulipia kausha damu unafaa iwapo tu riba yake ni ndogo na hufungui deni jingine nyuma yake.

Mkopeshaji asiyeonyesha leseni, au anayekunyima nakala ya mkataba, mpeleke Benki Kuu. Tawi lipo Mtwara mjini. Beba mkataba, risiti na ujumbe wa vitisho bila kuufuta.