Bedford TJ ya mzee: ufufue au uuze skrepa? Tuichambue

Habari zenu jamani, karibuni. Leo sina gari mpya, leo nina hii Bedford TJ, lori yenye pua, na nimeileta kwa sababu kila nikitoa video ya malori watu wananiuliza kitu kilekile, baba au babu kaacha lori limekaa chini ya mwembe miaka na miaka, nifufue au niwaite watu wa skrepa? Jibu langu ni fufua, ila ujue kwanza unachofufua ni nini, maana hapo ndipo watu wanapoharibu.

Kwa wadogo zangu ambao hamkuziwahi, Bedford ni za Vauxhall ya Uingereza, ambayo General Motors waliinunua tangu 1925, na hii TJ ilitoka 1958. Zimebeba pamba, mahindi, magogo, abiria, kila kitu. Mwaka 1987 General Motors wakauza kile kiwanda cha malori ya Bedford cha Dunstable, Uingereza, kwa hiyo usisubiri duka la kampuni, spea utazitafuta kwa wazee wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na kwa wanaoagiza Pakistan, kule Bedford bado zinapiga kazi barabarani na zimerembwa rangi mpaka unashangaa.

Haya, injini. Hii ni ile dizeli ya 300, hiyo 300 ni ujazo kwa inchi za ujazo, yaani kama lita 4.9, silinda 6 zimepangwa mstari mmoja. Nguvu yake inapatikana injini ikizunguka polepole, haitaki kukimbizwa, ipe mlima na mzigo na gia ndogo itapanda taratibu na haitakuangusha. Lakini kama imelala muda mrefu nakuomba sana usifunge betri mpya ukapiga stata. Mwaga oili ya zamani, toa nozeli zote, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, weka oili kidogo kila silinda, iache ilale, halafu izungushe kwa mkono taratibu. Ikigoma usilazimishe, ringi zimeshika kutu na ukilazimisha unavunja. Pampu ya dizeli na nozeli peleka kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, usikubali mtu azifungue juu ya gunia pale gereji.

Spana! Hii gari ni ya inchi. Kuna nati za 9/16, hiyo ni kama milimita 14.3, sasa fundi anakuja na spana zake za Kijapani, ya 14 haiingii, ya 15 inacheza, anapiga hivyohivyo na nati inakua duara, baada ya hapo ni gesi na patasi. Nunua seti ya inchi kabla hujagusa chochote, ni hela ndogo sana ukilinganisha na uharibifu.

Chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, sogea hapa tuione vizuri. Angalia kichwa cha hii ribiti, ule msumari wa chuma uliogongwa kushika vipande pamoja, unaona huu mstari mwekundu wa kutu unaoshuka kutoka pembeni yake? Hiyo imelegea, chuma kinasagana ndani na kutu inatoka kama unga. Hii nyingine kavu, iko salama. Pitia moja moja kwa tochi, zilizolegea zitolewe zipigwe upya au zifungwe bolti ngumu za saizi yake, na usikubali wakuchomelee juu juu halafu wapake rangi nyeusi. Bodi ya mbao nayo inaoza palepale yuu-bolti, zile bolti zenye umbo la U, zinapobana, maji yanakaa hapo. Ukipata mninga au mvule badilisha hizo mbao za chini tu, na kati ya bodi na chesisi weka mpira.

Sasa rangi, na hapa naomba tuelewane. Hii gari ni ya familia, mzee ametangulia, na mlango wa dereva una sehemu hii hapa kwenye ukingo wa dirisha, rangi imekwisha kabisa, chuma kinang'aa, ni pale mzee alipokua anaweka kiwiko miaka yote ile. Fundi rangi alishashika msasa, akataka kupiga puti na kupaka yote, mama mwenye gari akasema hapana, hapo mpaache. Tumepaka lakari isiyo na rangi juu yake isishike kutu, basi. Na yale maandishi ya mkono juu ya kioo tumeyaacha na nyufa zake. Mimi niko na mama kwa asilimia mia. Kabini ukiikwangua yote ikawa mpya utabaki na Bedford nzuri sana lakini ya baba yako haipo tena, na hakuna fundi wa kukurudishia.

Injini je? Wengi walitoa ya Bedford wakaweka Isuzu, na hizo ni kama ndugu, General Motors walinunua hisa za Isuzu 1971. Bloku ikiwa imepasuka weka Isuzu, sina neno, gari itembee. Ila ikiwa nzima ifanyie ovahoo, yaani ifunguliwe yote itengenezwe upya, ule mlio wake watoto wa nyumbani waliujua kabla lori halijakata kona.

Na kadi ya gari jamani. Kama mwenye jina amefariki anzeni na mirathi, msimamizi apatikane, ndipo muweke hela, maana lori likishaanza kunguruma hata ndugu ambaye hajawahi kulifuta vumbi atakuja.

Wewe unayetaka kununua la mtu, nenda asubuhi na mapema, mwambie asiliwashe mpaka ufike. Gusa injini iwe baridi, halafu ndio apige stata mbele yako, uone kama inawaka ikiwa baridi.