"Kwani Januari kuna nini?": uzoefu wangu na hita ya pampu ya joto na punguzo la kodi la Marekani

Anayetafuta sifa za mashine asipoteze muda hapa. Ukubwa wa tangi, wati, kelele zake, yote yamo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Mimi nimekuja kulalamika. Hita yenyewe ni nzuri, tena nzuri mno, na hilo ndilo linalonikera zaidi, maana ningependa kuitukana na siwezi.

Kwa wasioishi Marekani, au waliohamia juzi: sheria ya mwaka 2022 iitwayo Inflation Reduction Act ilileta nafuu kwa wanaofunga vifaa visivyokula umeme ovyo majumbani. Kuanzia 2023, ukifunga hita ya maji ya pampu ya joto (inayopasha maji kwa joto la hewa ya chumba) kwenye nyumba unayoishi mwenyewe, serikali kuu ilikuwa inakupunguzia kodi ya mapato kwa asilimia 30 ya gharama, kifaa na ufundi kwa pamoja, mwisho dola 2,000. Ilikuwa iende hadi mwisho wa 2032. Halafu Julai 4, 2025 ikasainiwa sheria nyingine iliyoikata: mwisho Desemba 31, 2025. Na wakubwa wa kodi wa serikali kuu, IRS, wakafafanua kwamba kinachohesabiwa ni siku kazi ya kufunga ilipokamilika. Hata ukilipa mwezi wa kumi, fundi akija Januari umekosa.

Shikeni hapo kwenye Januari, tutarudi.

Tangi letu la zamani la umeme lilikuwa limeanza kuvuja chini. Mama watoto kila asubuhi anakwenda besimenti, chumba cha chini ya nyumba, kubadilisha taulo, na kila asubuhi ananitazama. Nikaona kwa kuwa punguzo linakaribia kuondoka, bora nifunge jambo la maana kabla halijaondoka. Nikaita kampuni moja. Sitaji jina, wao wana mawakili na mimi sina.

Aliyekuja kupima alikuwa kijana mchangamfu, kalamu sikioni, maneno kama asali. Dola 2,000 zilimtoka mdomoni mara nyingi kuliko jina langu. Serikali itakurudishia elfu mbili, serikali itakurudishia elfu mbili. Hesabu haikubali, ndugu yangu. Bei yangu ilikuwa dola 4,800. Kampuni ya umeme ilinipa punguzo lake la dola 500, na hilo ni lazima ulitoe kwanza, linabaki 4,300. Asilimia 30 ya hapo ni dola 1,290. Ili mtu afikie hizo elfu mbili lazima awe ametumia kama dola 6,667. Kijana alikuwa anauza dari kana kwamba ni sakafu. Lakini huyo nimemsamehe, mwuzaji ni mwuzaji. Na dola 1,290 si hela ya kuokota barabarani.

Nikalipa kianzio. Nikaambiwa majani yakianza kuanguka mafundi watakuwa kwangu. Majani yakaanguka, yakafagiwa, yakachukuliwa na gari la taka. Danadana ikaanza: mara tangi halijafika ghala, mara kibali cha mji kimechelewa, mara fundi mkuu anaumwa mgongo. Naelewa kwamba baada ya ile sheria ya Julai kila mtu aliamka kwa pamoja na foleni ikawa ndefu. Naelewa kabisa. Sikukasirikia foleni.

Nilichokasirikia ni simu moja. Ilikuwa tayari baridi ya kuuma, sikukuu zinakaribia, nami nimepokea ujumbe kwamba tarehe yangu mpya ni wiki ya pili ya Januari. Nikapiga. Akapokea dada ambaye sauti yake nilishaizoea, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akinipigia hizo danadana zote. Nikamweleza taratibu, kwa heshima zote, kwamba Januari haiwezekani kwa sababu punguzo linakufa usiku wa Desemba 31, na kwamba ni kampuni yao wenyewe iliyotumia punguzo hilo kuniuzia. Kimya kidogo. Nikasikia anatafuna kitu. Kisha akaniuliza:

"Kwani Januari kuna nini? Maji ya moto si ni maji ya moto tu?"

Nilishindwa kujibu. Mimi, ambaye mke wangu husema sijawahi kukosa neno, nilishika simu nikabaki kuikodolea macho. Halafu akaongeza kwamba mambo ya kodi ni kati yangu na mhasibu wangu, wao kazi yao ni mabomba. Akakata. Hakusema kwaheri.

Nimefikiria sana jibu hilo, pengine kuliko linavyostahili. Yule dada hakuwa na chochote cha kupoteza. Kazi ikifanyika Desemba, kampuni inalipwa dola 4,800. Ikifanyika Januari, inalipwa dola 4,800 zile zile. Bunge la Washington limekaa, limejadili, limepiga kura, rais amesaini, mabilioni yametengwa, na mwisho wa safari yote hiyo haki yangu imo kwenye kalenda ya mtu anayetafuna karanga upande wa pili wa simu. Serikali haikumpa sababu hata moja ya kuharakisha. Wangeweka hata kasharti kadogo kwamba mwenye kampuni aliyekutangazia punguzo akikuchelewesha lazima akufidie, mngeona mafundi wanavyokuja mbio na migongo yao inayouma. Hapana. Faida ya tangazo ni yao, hasara ya kuchelewa ni yangu.

Siku ile ningeulizwa, ningesema mtu yeyote asijaribu. Nunua hita ya kawaida dukani, funga, oga, lala.

Nikamruka yule dada, nikamtafuta meneja, nikatishia kudai kianzio changu chote. Sitasimulia yote niliyosema, wengine mnaosoma hapa tunasali pamoja. Wakaleta mafundi siku zile za katikati ya Krismasi na mwaka mpya, wakati hata mbwa wamelala.

Na hapo ndipo hasira zangu zilipoharibiwa. Fundi aliyekuja, kijana mpole asiyesema sana, alifanya kazi safi ambayo sijaiona hapa nchini. Mashine hii haichemshi maji kwa waya ulioiva, inavuta joto lililomo kwenye hewa ya chumba na kulisukuma ndani ya tangi, yaani ni friji iliyogeuzwa. Kwa hiyo inahitaji chumba chenye hewa ya kutosha, kama futi za ujazo 1,000, na inatoa majimaji ambayo lazima yapate pa kwenda. Yule kijana wa kalamu sikioni alikuwa amepanga tuisukumize ndani ya kabati la zamani. Fundi akasimama mlangoni, akaliangalia, akatikisa kichwa. Akapima chumba kwa utepe, akalihamishia tangi upande wa ukuta wa wazi, akavuta bomba jembamba la majimaji hadi kwenye shimo la sakafuni, akamwaga kikombe cha maji juu yake na kuchuchumaa kuangalia yanavyoteremka. Yakakwama katikati. Akalifungua bomba, akalishusha kidogo, akamwaga tena, safari hii yakateremka mpaka mwisho. Angeliacha vile vile nisingejua mpaka sakafu ilowe. Huyo kijana anastahili nyota zote.

Basi nikadhani yameisha.

Ankara ikaja kwa barua pepe. Tarehe: Januari. Kazi waliifanya mwisho wa mwaka, ofisini ankara wakaiandika walipotoka likizo, wakaweka tarehe ya siku walipokaa mezani. Hakuna mahali pameandikwa kazi ilikamilika lini. Ukiisoma karatasi ile kama mtu wa kodi, hita yangu imefungwa baada ya punguzo kufa.

Shemeji yangu ndiye anayetutengenezea hesabu za kodi, sisi na nusu ya Waswahili wa mji huu. Akaishika ile ankara kwa vidole viwili.

"Shem, hii siwezi kuijaza hivi."

Nikamwambia mafundi walikuja Desemba, nina picha kwenye simu. Akasema picha ni nzuri, tuziweke, lakini anataka karatasi. IRS hawaombi uambatishe risiti unapojaza ile fomu 5695, ila wakiamua kukukagua, hiyo karatasi ndiyo itakayosimama badala yako. Akaongeza kwamba kwa vifaa vya 2025 kuna jambo jipya, msimbo wa mtengenezaji, herufi na tarakimu zikiwa nne kwa jumla, nao ni lazima uingizwe kwenye fomu. Nikashuka besimenti kuutafuta kwenye lebo, na lebo iko nyuma, inatazama ukuta. Nikajipenyeza na simu mkononi, feni ya juu inanipulizia hewa baridi kwenye shingo, nikapiga picha bila kuona. Namba ya modeli ipo, namba ya mashine ipo, msimbo haupo. Shemeji akaupata kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla chai haijapoa. Kampuni haikunidokezea hata kwamba kitu kama hicho kipo.

Msimbo ni jambo dogo. Ankara ndiyo iliyonirudisha kwa yule dada. Nikamwomba arekebishe, aandike tu siku kazi ilipokamilika, maana ndiyo kweli yenyewe. Akasema mfumo hauruhusu. Mfumo! Binadamu akikosa adabu siku hizi anaisingizia kompyuta. Nikamuuliza, je, kibali cha mji hakina tarehe ya ukaguzi? Akasema niende mjini nikaulize. Mwishowe aliyeniokoa ni yule yule fundi. Nilimtumia ujumbe, akanijibu jioni hiyo hiyo, akapita kwangu akitoka kazini na karatasi ya kazi ya siku ile, ameandika kwa mkono tarehe, namba ya mashine na sahihi yake, nakala ya pili ambayo alikuwa ameihifadhi garini. Siku chache baadaye kampuni nayo ikatuma ankara iliyorekebishwa. Kumbe mfumo unaruhusu. Pole hawakusema.

Punguzo nimelipata, zile 1,290 zote, kwa kuwa kodi yangu ya mwaka ilikuwa kubwa kuliko hapo. Hilo nalo wauzaji hawakulisema. Punguzo hili lilikuwa linapunguza kodi unayodaiwa mpaka sifuri na kusimama hapo hapo. Ulikuwa hulipwi kinachozidi wala hulibebi kwenda mwaka unaofuata. Kuna mama mmoja jirani yetu, mjane, analea wajukuu, kipato chake ni kidogo kiasi kwamba kodi yake ya mapato ni karibu na sifuri. Naye alifungiwa hita kama hii na kampuni nyingine, naye aliimbiwa elfu mbili. Amepata chini ya dola mia. Mwenye kipato amepewa nafuu, mwenye shida amepewa somo. Nikilifikiria hilo, hata furaha ya 1,290 zangu inachacha.

Kwa wenye kipato kidogo sheria ile ile ilitenga mpango mwingine, ruzuku inayotolewa kupitia majimbo, hadi dola 1,750 kwa hita ya aina hii, nayo inakatwa kwenye bei pale pale bila kungojea kodi. Kipato kikiwa chini ya asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo lako, inaweza kubeba gharama yote ndani ya kiwango hicho. Kikiwa kati ya 80 na 150, nusu. Huo ndio mpango wa maana. Lakini kila jimbo linaanza kwa wakati wake: New York walianza 2024, kwetu mama wa watu alipohitaji maji ya moto dirisha lilikuwa bado halijafunguliwa. Kama kwenu umefunguliwa, anzeni hapo, na msisaini kitu na fundi kabla ya kuidhinishwa.

Na mashine? Bili ya umeme imeshuka, naiona. Besimenti, iliyokuwa inanuka unyevu tangu tuhamie, imekauka, kwa sababu inapovuta joto inakausha na hewa. Wakati wa baridi kule chini kumekuwa kama Makete, na mama mkwe akija kutembea anashukia huko na blanketi. Wageni wakiwa wengi, wa mwisho kuoga anasubiri, kwa maana inapasha maji polepole. Sijali. Ningeambiwa nirudie, ningerudia. Ningeambiwa nirudie na kampuni ile, ningeoga maji ya baridi hadi kufa. Ila yule fundi akianzisha kampuni yake mwenyewe, nipeni namba mapema.

Nyota nne kwa hita. Kwa punguzo la serikali nilikuwa nimeandika mbili, nikafuta nikaweka tatu, nikamkumbuka jirani, nimerudisha mbili. Kampuni sifuri, na kama ukurasa unanilazimisha kuweka moja, hiyo moja ni ya fundi.

Juzi wamenipigia. Sauti ile ile. Wananiuzia mkataba wa matunzo wa kila mwaka, kazi kubwa ikiwa ni kusafisha kichujio cha hewa. Nikamwambia aniweke wiki ya pili ya Januari, nikakata. Kichujio kinachomoka kwa vidole na kinaoshwa bombani, nimeshakisafisha mwenyewe.