Tairi la pikipiki: umpe fundi pancha, gereji yenye mashine, au ufanye mwenyewe?

Fundi pancha wa kando ya barabara ana kasi ambayo mtu wa nyumbani hataifikia. Leva mbili (vyuma vya kuvulia tairi), kisigino kimoja, na tyubu iko nje kabla abiria hajamaliza kununa. Kwa hiyo anayenunua vifaa ili amshinde kwa haraka anapoteza hela yake. Kwa bei nako hakuna faida ya maana, maana kubadili tairi bado ni kazi ya bei ndogo tu. Sababu ya kuifanya mwenyewe iko kwingine. Kuvua tairi na kuvisha jingine mafundi wengi wanakujua vizuri sana. Wanakolipua ni kwenye kurudisha gurudumu: cheni inakaa upande, kotapini (kipini kinachozuia nati ya ekseli isijifungue) ya zamani inarudishwa au inasahaulika, upepo unapimwa kwa ngumi, na nati ya valvu inakazwa mpaka ringi ilie.

Hapa tunazungumzia pikipiki za kazi, zile za cc 100 hadi 150 zinazobeba abiria na mizigo: Boxer, TVS na jamaa zao. Nyingi zinavaa 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, nyingine saizi ya 18, na ndani mna tyubu hata ringi ikiwa ya aloi. Tairi zisizo na tyubu ni habari nyingine, tutazifikia.

Pancha ya kawaida: mlipe fundi

Kwa pancha, gurudumu kwa kawaida halitolewi. Fundi anavua upande mmoja wa tairi pikipiki ikiwa imesimama, anavuta tyubu nje, anaziba, anairudisha. Ekseli haijaguswa, cheni haijaguswa, kwa hiyo hakuna cha kulipuliwa. Ukichukua vifaa vyako na kuchafuka nusu saa kwa kazi hii, umejitesa bure, labda uwe porini.

Lakini msimamie kwenye mambo mawili. Kwanza, apitishe kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima, kwa sababu mwiba au kipande cha waya kilichotoboa tyubu mara nyingi bado kimekaa humo, na kitatoboa tena mbele ya safari. Kitambaa kinanasa, kidole kinachanika. Pili, angalia umbo la tundu. Tundu moja dogo upande wa nje ni msumari au mwiba. Matundu mawili yanayotazamana maana yake tyubu ilibanwa kati ya tairi na ringi, ama upepo ulikuwa mdogo ukagonga shimo, ama mtu aliibana kwa leva. Tundu upande wa ndani, ule unaolalia ringi, linatoka kwenye ncha ya spoku au mkanda wa ringi ulioliwa; hapo kiraka hakisaidii kitu mpaka mkanda ubadilishwe. Mpasuko kwenye shina la valvu hauzibiki, nunua tyubu nyingine.

Tairi jipya: fanya mwenyewe

Hapa gurudumu lazima litoke, na hapa ndipo vifaa vyako vinalipa. Unahitaji leva mbili za sentimita 25 hadi 30 (ya tatu ni raha), spana mbili za nati za ekseli, plaizi, kitoa-valvu, pampu ya mguu, geji, maji ya sabuni na unga wa talki. Hata poda ya mtoto inafaa. Maduka ya spea Kariakoo, au Kirinyaga Road kwa walio Nairobi, yanauza vyote. Ukishika leva dukani pitisha kidole kwenye ncha. Ikikwaruza, ipige tupa kabla haijakaribia tyubu. Bisibisi iache kwenye boksi: ncha yake kali inatoboa tyubu kabla hujajua imepita wapi.

Kabla ya kulipia tairi, soma ubavu wake. Zaidi ya saizi kuna namba ya uzito na herufi ya mwendo. 50P, kwa mfano, ni kilo 190 na kilomita 150 kwa saa. 41P ni kilo 145 tu, na tairi la namna hiyo likiwekwa nyuma kwa pikipiki inayobeba watu wawili na gunia, litapasuka nyuzi za ndani kabla kashata (meno ya tairi) hazijaisha. Tafuta pia tarakimu nne za tarehe mwishoni mwa alama ya DOT: 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Tairi lililokaa dukani miaka sita juani linang'aa kama jipya lakini mpira umekauka. Na ununue tyubu mpya. Ya zamani imeshatanuka. Ikiingia kwenye tairi jipya inajikunja, na kwenye kunjo ndipo inapokatika.

Sasa kazi. Legeza nati ya ekseli gurudumu likiwa bado linagusa chini, halafu ndipo upandishe stendi kubwa. Kwa gurudumu la nyuma lenye breki ya ngoma, toa nati ya rodi ya breki na bolti ya mkono unaozuia sahani ya breki isizunguke. Tazama alama za kukazia cheni kwenye mikono miwili ya nyuma na uziandike, au uzipige picha. Legeza ajasta (skrubu za kukazia cheni), sukuma gurudumu mbele, vua cheni kwenye spoketi, kisha chomoa ekseli. Bushi zinazotoka kulia na kushoto mara nyingi hazilingani urefu. Zipange chini kwenye kitambaa kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Zikibadilishana, gurudumu litakaa upande na hutajua kwa nini pikipiki inavuta. Mbele kukiwa na breki ya diski, chomeka kipande cha kadibodi kati ya pedi, na mtu yeyote asishike breki wakati gurudumu liko nje.

Toa kiini cha valvu kabisa, si kukibonyeza tu, na nati ya chini ya valvu pia. Ukingo wa tairi umegandia ringi. Ukanyage kwa kisigino ukizunguka, pande zote mbili, mpaka uachie.

Kinachofuata ndicho kinachowashinda wengi, na wanadhani ni nguvu wanayokosa. Katikati ya ringi kuna bonde. Ukingo wa tairi una waya usiotanuka, kwa hiyo hauwezi kuruka mdomo wa ringi upande huu mpaka upande wa pili uwe umezama bondeni. Piga magoti juu ya tairi upande ulio mbali na leva, uhakikishe ukingo umedondoka katikati, paka sabuni, kisha anza kunyanyua karibu na valvu. Chukua kidogo kidogo, sentimita tatu hadi tano kila mara. Ukiona leva inahitaji uzito wa mwili mzima, acha: upande wa pili umepanda kutoka bondeni. Anayelazimisha anakata waya wa tairi au anapinda mdomo wa ringi ya aloi.

Tyubu ikishatoka na ukingo wa pili ukishavuka, gurudumu liko wazi, na huu ndio ukaguzi ambao barabarani haufanywi. Kwaruza kutu kwa brashi ya waya. Gonga kila spoku kwa spana: iliyolegea ina sauti ya kufa katikati ya wenzake. Zungusha beringi kwa kidole. Ikiwa na mchanga utauhisi. Angalia unene wa brekishuu na upige ngoma vumbi kwa kitambaa chenye maji, usipulize kwa mdomo.

Kuvisha. Tafuta mshale wa mwelekeo kwenye ubavu, na kama kuna nukta ya rangi iweke sawa na valvu. Nukta hiyo huonyesha upande mwepesi wa tairi. Visha ukingo wa kwanza uingie kwa mikono na sabuni. Ipe tyubu pumzi kidogo, kiasi cha kupata umbo lake tu, ipake poda, iingize, valvu itoke tunduni, nati izungushwe kwa vidole nyuzi mbili tatu isije ikarudi ndani. Ukingo wa pili anza nao upande ulio mkabala na valvu na umalizie kwenye valvu. Sababu ni ileile ya bonde: shina la valvu na unene wa tyubu vinaziba bonde mahali hapo, kwa hiyo ukianzia hapo huna nafasi unapoihitaji mwishoni. Kipande cha mwisho kisukume kwa magoti au viganja ikiwezekana. Leva ya mwisho ndiyo inayobana tyubu mpya. Ukilazimika kuitumia, ncha iingie kidogo tu, isivuke mdomo wa ringi. Kisha sukuma valvu ndani na uivute tena, tyubu isiwe imenaswa chini yake.

Jaza upepo hadi ukingo ukae. Kila tairi lina mstari mwembamba ubavuni karibu na ringi, na mstari huo unatakiwa uwe umbali mmoja kutoka kwenye ringi mzunguko mzima, pande zote mbili. Ukizama mahali fulani, toa upepo, paka sabuni hapo, jaza tena, bila kuvuka kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Likishakaa, toa upepo wote mara moja ujaze upya. Tyubu inapata nafasi ya kukunjuka.

Upepo wa kutembelea uko kwenye kibandiko, mara nyingi karibu na kava ya cheni. Kwa pikipiki hizi mbele huwa psi 25 hivi, nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 au zaidi ukiwa na abiria. Nati ya chini ya valvu usiikaze kwenye ringi. Irudishe juu ikabane kofia. Tairi likihama kidogo kwenye ringi, valvu iliyo huru inainama na unaona dalili. Iliyokazwa inachanika shingo, upepo wote unaondoka kwa mara moja.

Kurudisha gurudumu ni kinyume cha kulitoa, ila taratibu. Alama za cheni ziwe sawa kulia na kushoto. Cheni icheze milimita 20 hadi 30 katikati, ipimwe sehemu kadhaa huku ukizungusha gurudumu, kwa sababu cheni kuukuu inabana sehemu moja na kulegea nyingine. Pima pale inapobana zaidi. Kama ulifungua kiungo chake, upande wa klipu uliofunga uelekee mwendo wa cheni. Kaza bolti ya mkono wa breki, kanyaga breki na uishikilie, ndipo ukaze nati ya ekseli: brekishuu zinajipanga katikati ya ngoma na breki haitakwaruza. Kotapini iwe mpya. Bei yake ni ya kuchekesha, na ndiyo inayoizuia nati isijifungue.

Zungusha gurudumu kwa mkono, bonyeza breki mara kadhaa, tembea kilomita chache halafu pima upepo na uguse nati tena kwa spana. Mara ya kwanza tenga saa mbili. Mikono ikizoea inashuka hadi dakika arobaini hivi.

Zisizo na tyubu: gereji yenye mashine

Tairi lisilo na tyubu lina ukingo mgumu unaobana ringi kwa nguvu, na kisigino hakiubandui. Hata ukiubandua, kuukalisha kunataka upepo mwingi kwa mkupuo. Pampu ya mguu itapuliza mpaka jasho likutoke na hewa yote itapita kati ya ukingo na ringi. Isitoshe mdomo wa ringi ndio unaozuia upepo, kwa hiyo mkwaruzo mmoja wa leva unatosha kuleta uvujaji wa polepole usioisha. Kwa hizi lipa, na kwa tairi pana la nyuma la pikipiki kubwa lipa bila kujiuliza.

Ila usiwape pikipiki, wapelekee gurudumu. Ukilitoa na kulirudisha mwenyewe, sehemu ya kazi inayoharibiwa zaidi haiko tena mikononi mwao, na gereji nyingi hutoza kidogo kwa gurudumu lililoletwa peke yake. Ondoa sahani ya breki ya ngoma kwanza. Kama ni diski, liombe lilazwe upande usio na diski. Mwambie fundi aweke valvu mpya ya mpira kila tairi linapobadilishwa. Kwa pikipiki ya mwendo wa barabara kuu, omba na balansi (kusawazisha uzito wa gurudumu), ila Boxer ya mtaani isiyovuka 70 haitaisikia tofauti. Na kabla hujaondoka, mwagia maji ya sabuni kuzunguka ringi na kwenye valvu palepale, mbele yake, uone kama kuna mapovu.